Sakafu Inayongoja Mwezi wa Tano

Kigae cha kwanza nilikitoa kwa vidole. Kilikuwa karibu na dirisha linalotazama ziwani, upande mmoja umeinuka kama kifuniko cha sufuria ya wali, nami nikaingiza kucha mwanyani nikakinyanyua kizima bila mkwaruzo. Nikakigeuza. Mgongoni kilikuwa na vitonge vitano vya saruji, vinne pembeni na kimoja katikati, na uso wa kila kitonge, pale ulipokuwa umegusa sakafu, ulikuwa laini na una wekundu unaong'aa.

Vitonge vile niliviweka mimi mwenyewe, Januari ya 2014. Miaka kumi baadaye nimepiga magoti chumba kile kile, Kashikishi, hatua kama arobaini kutoka majini, na mwenye nyumba amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakusema neno. Angenitukana ningepumua.

Mimi ni fundi wa marumaru. Kazi nilijifunza Mbeya, nikaifanya Tunduma, kisha mwaka 2009 nikavuka mpaka pale Nakonde nikimfuata kaka yangu, mnunuzi wa samaki wakavu. Tulipita Kasama, Luwingu na Mansa hadi hapa Nchelenge, ufuko wa mashariki wa ziwa Mweru. Kaka alichoka na biashara akarudi nyumbani, mimi nikabaki. Nchelenge ni mji wa ofisi, Kashikishi ni mji wa soko, na imeshikana kiasi kwamba mgeni hawezi kukuonyesha mmoja unaishia wapi. Lugha ya hapa ni Kibemba, lakini Kiswahili hakikosi wa kukiitikia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, Pweto na Kilwa, na wanaovuka huvuka nacho. Wala si jambo la juzi: Livingstone alipofika kwa chifu Mwata Kazembe mwaka 1867 aliwakuta wafanyabiashara wa kutoka pwani wameshamtangulia. Mwenye nyumba huyu alikiokota Kiswahili Pweto akiuza unga. Mimi humwita bamayo, kama wanavyoitwa mama wa heshima hapa. Yeye huniita bafundi, na ile "ba" ya heshima siku ile ilinichoma kuliko tusi.

Nyumba yake ina vyumba sita vya wageni. Wanaolala humo ni wanunuzi wa samaki kutoka Kitwe, Ndola na Lubumbashi, wanaofuata chisense, visamaki mfano wa dagaa vinavyoanikwa mchangani, na samaki aitwaye pale, ambaye sisi Watanzania tungemhesabu ukoo wa perege. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka Februari inapokwisha, uvuvi hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wazae. Kashikishi hunyamaza, vyumba huwa vitupu. Ndiyo maana ukarabati wa nyumba za wageni hapa hufanywa Januari. Mwaka 2014 niliona ni mpango mzuri kabisa. Januari hiyo nitairudia, maana ndimo kosa lilimojificha.

Kwanza mgongo wa kigae.

Fundi akiitwa kung'oa marumaru zilizoinuka, kitu cha kwanza anachotafuta ni ndoo ya vifusi. Zamani nami nilikuwa hivyo. Siku hizi kigae hakiendi ndooni kabla sijakigeuza na kukitazama kwenye mwanga, kwa sababu kuna namna tatu za kung'oka na kila moja ina mkosaji wake. Ukikuta mgongo mtupu na saruji yote imebaki chini, kigae ndicho kilichokataa: kilikuwa na vumbi la kiwandani, au gundi iliachwa ikashika utando kabla kigae hakijalazwa. Sakafu haina kosa hapo. Ukikuta saruji imegawanyika, nusu juu nusu chini, na ukiisugua kwa kidole gumba inapukutika, basi mchanganyiko wenyewe ulikuwa uji wa mgonjwa. Lakini ukikuta saruji yote imeondoka na kigae na sakafu imebaki safi kama sahani iliyorambwa, sakafu ndiyo iliyokataa. Na sakafu iliyokataa mara moja itakataa tena, hata ukileta gundi ya bei ya ng'ombe.

Yetu ilikuwa hiyo ya tatu, na sababu yake ilikuwa ule wekundu.

Nyumba nyingi za zamani za Zambia zina sakafu nyekundu. Ni saruji iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma, ikatiwa rangi, kisha ikapakwa nta ya kopo, Cobra ndiyo inayojulikana zaidi, na kusuguliwa kila juma na watoto wa kike wakiwa wamepiga magoti. Sakafu hizo hung'aa mpaka ukajiona uso. Ubaya ni kwamba saruji ina vitundu visivyoonekana, na gundi yoyote ya marumaru hushika kwa kupenya humo na kukaukia ndani kama mizizi. Nta ya miaka thelathini imeviziba vyote. Unabandika juu ya mshumaa.

Mwaka 2014 nililijua hilo, sitasema uongo. Nikachukua ncha ya sululu nikapiga vidonda, kimoja hapa, kingine hatua moja mbele, nikaona sakafu imeshakwaruzwa vya kutosha. Kisha nikalaza vigae kwa vitonge vitano vitano, kwa sababu vitonge huokoa saruji na hukuwezesha kusawazisha haraka kwa kugonga pembe. Chini ya kila kigae nikaacha uwazi. Mguu wa kitanda ukitua juu ya uwazi, kigae hupasuka. Maji yakiingia, hapo ndipo yanapopanga.

Kipimo cha kuijua sakafu inayokataa hakigharimu chochote. Chovya vidole kwenye maji, nyunyiza. Tone likikaa juu limejikunja kama tone kwenye jani la magimbi, pana nta, au mafuta, au rangi. Likizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja mbili, vitundu viko wazi. Nilinyunyiza vyumba vyote sita mbele ya bamayo. Matone yalikaa yakimtazama.

Kung'oa kwenyewe kulituchukua siku nne, mimi na kijana wangu, mwenyeji wa hapa hapa, anayeniita mudala, yaani mzee, ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Sikutumia mashine ya kutoboa. Jamvi la zege la nyumba za umri ule ni jembamba, na mashine ikiwa mikononi mwa mtu mwenye haraka huchimba mashimo ambayo baadaye utayajaza kwa saruji ya kununua. Nilimfundisha kulaza tindo pana mpaka karibu liguse sakafu, kisha kugonga kwa nyundo mapigo mafupi. Tindo likisimama linachimba, likilala linabandua. Tulianzia mlangoni, palipokuwa na ukingo wa kuingilia, tukaenda tukirudi nyuma. Vigae vichache vilivyoshika kweli, vile vilivyobahatika kuangukia kidonda cha sululu, tulivivunja katikati kwanza na kuving'oa kwa vipande. Miwani machoni, viatu vilivyofunikwa. Kigae kilichovunjika ni kisu.

Na maji, kila wakati maji. Vumbi la marumaru, zege na mchanga lina silika, chembe ndogo mno ambazo pafu haliwezi kuzitoa, na zikikaa huko huliparuza miaka na miaka mpaka linakuwa kovu. Kitwe kuna taasisi ya afya kazini iliyokuwa ikipima vifua vya wachimba shaba kwa ajili ya ugonjwa huo huo. Fundi wa marumaru naye ni mchimba mgodi, mgodi wake tu ndio una madirisha. Aliyenifundisha kazi Mbeya alikuwa akipumzika mara mbili kupanda ngazi za ghorofa moja. Kwa hiyo tunanyunyiza sakafu kabla ya kugonga, tunafagia ikiwa na unyevu, na tukitumia grenda mmoja anashika chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko.

Kuna sakafu moja ambayo siigusi kabisa, na heri niiseme hapa kabla sijasahau. Ukikuta nyumba ya miaka ya hamsini au sitini yenye vigae laini vya plastiki, vya mraba wa kama sentimita 23, vimebandikwa kwa gundi nyeusi kama lami, simama. Vigae vya namna hiyo na gundi yake mara nyingi vilitiwa asbesto. Vikiwa vizima havina neno. Ukivisaga au kuvikwangua vikavu unairusha hewani, na saratani inayoletwa nayo huja baada ya miaka mingi, wakati umeshasahau ulifanya kazi wapi. Viache palepale, vifunike. Tajiri akisema "vitoe tu", mwachie kazi yake.

Sakafu ilipobaki tupu tuliipiga. Nilishika nyundo ndogo nikapita chumba kwa chumba nikigonga kila shubiri, na kijana akinifuata na chaki. Saruji iliyoshikana na jamvi hujibu kwa sauti kavu, fupi. Iliyoachana hujibu kama mtungi. Kila palipolia mtungi alichora duara, na kila duara lilichimbuliwa mpaka tukafika panapojibu vizuri. Chumba cha tatu maduara yalikuwa mengi hata bamayo akauliza kama tunacheza rede.

Nyufa zilikuwa mbili. Mmoja mwembamba kama unywele, wa zege lililosinyaa likikauka zamani. Huo haukunitia wasiwasi. Wa pili ulikatiza chumba kizima, na upande mmoja ulikuwa juu kidogo kuliko mwingine. Ufa wa namna hiyo bado unatembea. Niliupiga vibandiko vitatu vya plasta nyeupe, nikaandika tarehe juu yake kwa penseli. Vikipasuka, msingi unashuka, na hapo tatizo si la fundi marumaru tena.

Sasa Januari.

Baada ya kusafisha nilikata vipande vya nailoni nzito, mraba wa nusu mita hivi, nikavibandika sakafuni, viwili kila chumba, kingo zote nne zikiwa zimezibwa kwa selotepu pana. Hiki ni kipimo cha zamani na hakimhitaji mhandisi. Saa kumi na sita hazipungui. Mimi huacha usiku tatu. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka jeusi kuliko lililo kando yake, unyevu unapanda kutoka ardhini. Jasho lililo juu ya nailoni ni la hewa tu.

Tulifunua. Vyumba vyote sita vikavu.

"Bafundi, si umeona?" bamayo alisema. "Ni kavu. Weka."

Nikamwambia tungoje mwezi wa tano.

Alinitazama kama mtu aliyesikia bei ya jeneza. Wageni wanarudi tarehe 1 Machi, uvuvi ukifunguliwa. Mwezi wa tano ndio wakati wa fedha. Nani afunge vyumba mwezi wa tano?

Nilijaribu kumweleza nikiwa nimechuchumaa, nikimchorea mchangani nje ya mlango. Ziwa hili halijai na mvua yake. Mvua huanza Novemba, lakini maji mengi ya mto Luapula yanapitia kwanza Bangweulu, kwenye ziwa na vinamasi vipana ambavyo huyapokea, huyatandaza na kuyaachia polepole kama mtu anayekamua nguo nzito. Mvua hukatika Aprili, na Mweru hufika juu kabisa karibu mwezi wa tano. Huwa chini kabisa karibu Januari. Kati ya chini na juu ni kama mita 1.7. Mtu mzima akisimama hapo, kimebaki kichogo.

Na sisi tumejenga juu ya mchanga. Mchanga wa ufuko hauzuii maji. Ziwa likipanda, maji ya ardhini hatua arobaini kutoka ukingoni nayo hupanda, kimyakimya, chini ya vitanda. Mjenzi wa nyumba hii hakutandika nailoni chini ya jamvi. Tuliona pale tulipochimbua: zege, mawe, mchanga. Basi. Kwa hiyo kalenda ya samaki humpa fundi sakafu tupu wakati ule ule ambao kalenda ya ziwa inamficha maji. Nilipima Januari 2014 nikakuta pakavu, nikalaza, nikalipwa. Sijui vilianza kuinuka mwaka gani kwa sababu sikurudi kutazama.

Maji peke yake hayang'oi marumaru iliyoshika, na ni haki niseme hivyo ili bamayo asilibebeshe ziwa mzigo wangu. Saruji haiogopi unyevu. Lakini maji yanayopanda hubeba chumvi za ardhini na za zege lenyewe. Yakifika juu yakakauka huacha ule unga mweupe tunaouona kwenye maungio, na chumvi ikijikusanya penye uwazi inasukuma. Tena vigae vya udongo uliochomwa hunywa unyevu na kuvimba, kidogo sana, mwaka hadi mwaka, wala havirudi vilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimevibana ukuta hadi ukuta bila nafasi hata ya kuingiza wembe. Vigae mia vikivimba kila kimoja unywele mmoja, lazima viende mahali, na mahali pekee ni juu. Nta chini, uwazi katikati, ukuta pembeni, maji yanakuja. Ningekuwa mimi kigae ningeinuka pia.

Bamayo alisikiliza mpaka mwisho, akaufuta mchoro kwa kandambili, akasema, "Eya, mukwai." Kwa Kibemba hiyo ni ndiyo yenye heshima, na wakati mwingine ni ndiyo ya kumwondoa mtu. Nilidhani atamwita fundi mwingine. Machi ilipofika akatandika mikeka juu ya sakafu tupu, akapunguza bei, na akawaambia wageni fundi wake amerogwa na mwezi wa tano.

Kungoja si jambo geni katika kazi hii. Huko pwani nyumba za mawe zilipigwa dari za chokaa na kokoto kwa kuzitwanga siku baada ya siku, kundi la watu na vipande vya miti mikononi, wakiimba, mpaka chokaa ikubali. Neno sakafu lenyewe kwa asili ya Kiarabu ni hilo dari, sisi ndio tuliolishusha chini. Nikimweleza mteja wa leo kwamba kazi itangoja miezi minne ili kipande cha nailoni kitoe jibu, ananiona mvivu.

Katikati ya Mei nilibandika nailoni upya. Siku ya tatu bamayo hakuningoja. Nilimkuta amepiga magoti chumba cha dirisha la ziwani, ameshafunua kona moja, anapitisha kiganja upande wa chini wa nailoni. Kiganja kilitoka kimelowa.

"Kuko mayi," alisema, kwa Kiswahili cha ng'ambo.

Vyumba viwili vya upande wa ziwa vilikuwa vimelowa. Vinne vya upande wa barabara, ambapo ardhi inapanda, vilikuwa vikavu. Kwa vile viwili kulikuwa na njia tatu. Kuvunja jamvi lote, kutandika nailoni na kumwaga upya. Kupaka dawa ya epoksi inayozuia unyevu, ambayo ingeagizwa mbali na kugharimu kuliko marumaru zenyewe. Au kuachana na marumaru. Alifikiri siku mbili, akasema virudishiwe wekundu wao. Tulipiga lipu mpya ya saruji yenye rangi, tukailainisha kwa mwiko wa chuma, na sakafu hiyo inapumua. Maji yakija yanapita na kwenda zake. Mimi naona alichagua vizuri kuliko ambavyo ningemchagulia.

Vinne vilivyobaki vilipata maandalizi ambayo vilistahili tangu 2014. Nilitaka kuiondoa nta kwa grenda yenye sahani ya almasi, ila mwaka huu wa 2024 ukame ulikuwa umeyapunguza maji ya bwawa la Kariba na umeme wa Zambia nzima ukawa wa mgao. Grenda ililala pembeni siku nzima, ikaamka usiku wakati wageni wamelala. Tukapiga kwa mkono. Vidonda safari hii vilikuwa na nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine, sakafu yote, mpaka wekundu ukabaki madoa tu. Kisha brashi ya chuma, maji na sabuni, kusuuza mara tatu. Kuna wanaomwaga tindikali ya betri. Tindikali haili nta, huila saruji, na isipooshwa vizuri hubaki ikiendelea kula chini ya kigae. Tulinyunyiza tena maji kwa vidole. Matone yakazama.

Ilibaki kusawazisha. Mwanzoni vigae vyangu vilikuwa vya sentimita 30. Bamayo sasa alitaka vya 60, vinavyong'aa, kama alivyoona Mansa. Kigae kidogo hufuata mawimbi ya sakafu kama mtumbwi. Kikubwa ni kama meza: sakafu ikiwa na tumbo, kinakaa kwa miguu mitatu, na pembe inayoning'inia ndiyo itakayokwaa kidole cha mgeni. Kipimo changu ni rula ya aluminiamu ya mita 2, inayolazwa sakafuni kila upande na kuzungushwa. Chini yake nafasi isizidi milimita 3. Njiti ya kiberiti ina kama milimita 2. Njiti moja ikipita si neno, mbili zikipita zikiwa zimepandana, hapo pajazwe. Vilima tulivipunguza kwanza, maana kilima kimoja cha nusu sentimita kinakulazimisha kuinua chumba kizima.

Mchanga wa ufuko sikuutaka. Ni mwororo, umesuguliwa na mawimbi mpaka ukawa kama sukari, unadai maji mengi na lipu yake husinyaa na kupasuka. (Mchanga huu huu ndio unaosaga meno unapokula chisense, na wanunuzi hawaachi kuulalamikia.) Nilitafuta mchanga wa mto, wenye makali, nikaujaribu kwa chupa: nusu mchanga, juu yake maji, tikisa, acha mpaka kesho. Tope linalokaa juu likizidi kama sehemu 8 kwa 100 za mchanga, uoshe au uache. Saruji ya huku hutoka pande za Ndola, inakatiza ule ulimi wa ardhi ya Kongo unaoingia Zambia na kuvuka Luapula kwenye daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008. Imesafiri mno. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole sikuuingiza ndani.

Mabonde tuliyajaza kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu. Usiku wa kuamkia kazi tuliilowesha sakafu, asubuhi tukakausha madimbwi kwa gunia mpaka ikawa na unyevu bila kumeta. Zege kavu hunyonya maji ya lipu mpya kabla haijashika. Zege lenye dimbwi huiacha ielee. Juu ya unyevu huo tukasugua uji mzito wa saruji kwa brashi, tukiuingiza vidondani, na kabla haujakauka lipu ikaja juu yake. Kijana wangu alitaka kupaka uji chumba kizima kwa mkupuo ili apumzike. Ukikauka kabla ya lipu unageuka kuwa utando mwingine wa kukataa, nikamfanya aukwangue. Alinuna mpaka jioni. Lipu tuliimwagilia siku saba chini ya magunia, kisha tukaiacha ikauke yenyewe. Lipu ya saruji hukauka kama milimita moja kwa siku, wala haisikii kubembelezwa.

Vile vibandiko vitatu vya plasta juu ya ufa mkubwa vilikuwa vizima bado. Tuliupanua ufa ukawa kama mfereji, tukaujaza, na juu yake nikapanga maungio ya vigae yaangukie hapo, yajazwe kwa silikoni inayovutika badala ya grauti. Kandokando ya kuta nikaacha nafasi ya milimita 8, ikafichwa na vigae vya ukingo. Gundi ilipakwa kwa mwiko wa meno, sakafuni na mgongoni mwa kigae pia. Kila kigae cha tano nilikinyanyua tena kutazama kama kimelowa chote. Kijana aliona natilia shaka mkono wake. Sikumkatalia.

Tulimaliza mwishoni mwa Julai, wiki ambayo watu wengi walikuwa wameelekea Mwansabombwe kwenye sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe, na nyumba ilikuwa na mgeni mmoja tu. Mwezi mmoja baadaye nilirudi bila kuitwa, na nyundo ndogo mfukoni. Bamayo alinifuata chumba kwa chumba, kandambili mkononi, pekupeku juu ya marumaru zake. Niligonga vyote. Vilijibu kavu, fupi, kimoja kama kingine, mpaka chumba cha nne, kigae cha tatu kutoka mlangoni, kilipolia mtungi.

Bamayo alisikia. Sasa masikio yake yameshajua.

Nikamwomba kijana alete tindo na chaki.